Kati ya -ki- na -po-: Somo Kutoka Mezani pa Karata

Mwaka juzi, mwezi wa Julai, dada yangu anayeishi Uingereza alimleta mwanawe akae nami Tanga kwa wiki sita. Kijana alikuwa na miaka 12. Alifuatana na jamaa zetu waliokuwa wakija kutembea, akashuka na begi la nguo na kopo kubwa la bati ambalo hakutaka mtu yeyote ambebee. Ombi la dada kwangu lilikuwa moja: "Kaka, mfundishe Kiswahili. Mimi namsemesha, yeye ananijibu kwa Kiingereza." Niliipokea kazi hiyo kwa majivuno ya mtu ambaye watu humwita malenga kila anaposimama kusoma. Sikuwa na shaka ni nani atakayekuwa mwalimu na ni nani atakayekuwa mwanafunzi.

Wiki ya kwanza nilimletea tenzi. Alizisikiliza kwa adabu, kisha akasinzia kwa adabu. Jioni moja umeme ulikatika, nikawasha taa ya chemli, naye akalifungua lile kopo. Ndani mlikuwa na kadi mamia, kila moja imevishwa mfuko wake wa plastiki. "Mjomba," aliniuliza kwa Kiswahili chake cha kupapasa, "unataka cheza?"

Nilidhani ni karata kama zetu za barazani, zenye turufu na kubishana. Sivyo. Juu ya kila kadi pana picha, na chini yake pana maandishi madogo, ambayo katika kadi nyingi ndiyo sheria ya kadi hiyo. Mchezo wenyewe ni Yu-Gi-Oh!, uliozaliwa katika hadithi za katuni ambazo Kazuki Takahashi alianza kuzichapisha Japani mwaka 1996. Kampuni ya Konami ilianza kuuza kadi zake huko mwaka 1999, na za Kiingereza zikafuata mwaka 2002.

Bao letu halihitaji maandishi. Sheria zake zimo vidoleni mwa wachezaji, na mgogoro ukizuka, mzee mmoja aliyeketi pembeni huukata kwa neno moja. Hizi kadi ni maelfu, na nyingi huja na kanuni zake ndogo, mara nyingi za kuivunja kanuni kubwa. Hakuna mzee awezaye kuzihifadhi zote kichwani. Kwa hiyo imebidi maneno yenyewe yawe ndiye mzee: kila neno lipimwe, lipewe kazi moja, lisitoke nje ya kazi hiyo. Mtu anayependa lugha hawezi kuliona jambo kama hilo akalipita.

Nikatoa shauri. Yeye angenisomea kadi kwa Kiingereza na kunieleza. Mimi ningeandika tafsiri ya Kiswahili katika kijikaratasi. Tungekiingiza ndani ya mfuko wa plastiki, nyuma ya kadi. Na wakati wa kucheza tungesoma Kiswahili peke yake. Alikubali kwa furaha kuliko nilivyotarajia. Hivyo ndivyo darasa lilivyoanza, na kwa siku chache mambo yalikwenda vizuri. Tulikubaliana kwamba rundo la kadi ambazo hazijachukuliwa ni bunda, mahali pa kuchezea ni uwanja, viumbe ni mazimwi, na mahali pa kadi zilizokwisha kazi ni kaburini. Alipenda sana neno zimwi. Alilitamka siku nzima.

Mkwaruzano wa kwanza ulikuwa mdogo. Kijana alitoa kadi iitwayo Dark Hole, ambayo huyaangamiza mazimwi yote yaliyomo uwanjani. Mimi nilikuwa nimeilaza kifudifudi kadi ya Mystical Space Typhoon, yenye uwezo wa kuharibu kadi moja ya uchawi au ya mtego. Nikaifunua kwa kishindo. "Nimeivunja kadi yako!" Akatikisa kichwa. Kweli nimeivunja, alisema, lakini mazimwi yangu yatakufa vilevile.

Ilimchukua nusu saa kunieleza. Mchezaji mmoja akitoa kadi, mwenzake anaweza kujibu kwa kadi nyingine, na wa kwanza akajibu jibu hilo, mpaka majibu yakawa mnyororo. Kisha mnyororo hufunguliwa kuanzia mwisho: neno lililotamkwa mwisho ndilo linalotimia kwanza, kama sahani zilizopangwa, ambapo ya juu ndiyo ya kwanza kuondolewa. Kadi yangu ilitimia kwanza, ikaiharibu yake. Lakini tendo la kadi yake lilikuwa limekwisha kutangazwa, na tangazo halifi kwa kuchanwa kwa karatasi. Ukimnyang'anya mpiga mbiu pembe yake baada ya mbiu kulia, umepata pembe tu.

Kumbe kuna kuharibu na kuna kubatilisha. Ya kwanza huondoa kitu. Ya pili huondoa nguvu ya tendo. Katika vijikaratasi vyangu nilikuwa nimeyatafsiri yote mawili kwa neno kuvunja, kwa sababu Kiswahili hutuwezesha kuvunja sahani, kuvunja ndoa, kuvunja mkutano na kuvunja ahadi. Tukafuta, tukaandika upya. Nilijiambia kwamba hilo ni kosa la msamiati, na makosa ya msamiati ni mepesi, maana yanaonekana. Yaliyofuata hayakuonekana.

Kuna kadi ya mchekeshaji mmoja mweusi wa kutisha, jina lake Peten the Dark Clown. Kijikaratasi chake nilikiandika hivi: "Kadi hii ikipelekwa kaburini: unaweza kuiondoa kaburini na kuitoa mchezoni; mwite Peten mwingine kutoka mkononi au kutoka katika bunda." Niliiona ni sentensi safi. Usiku huo nilimtoa Peten mhanga. Kanuni ya mchezo husema kwamba zimwi la daraja la juu haliji bure. Sharti utoe zimwi dogo, liende kaburini, ndipo kubwa lije. Nilimtoa Peten, nikaleta kubwa, kisha nikanyoosha mkono kumwita Peten wa pili.

"Haiwezekani, mjomba."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Imepita."

"Imepita nini? Soma hapa. Kadi hii ikipelekwa kaburini. Je, haikupelekwa?"

"Imepelekwa, lakini..." Alitafuta maneno. Alianza kwa Kiingereza, nami nikamkumbusha mkataba wetu kwamba mezani ni Kiswahili tu. Alifungua mdomo, akaufunga. Macho yakamlenga machozi. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye mwenye lugha, na maandishi yalikuwa upande wangu. Nikamwita Peten wa pili, nikashinda. Kijana akakusanya kadi zake moja moja, akazirudisha katika kopo, akaenda kulala bila kula.

Asubuhi nilimkuta ameketi ukumbini na kadi mbili mkononi. Aliniamkia, kisha akaziweka mbele yangu, akaniomba nisome Kiingereza kwa macho yangu mwenyewe. Kadi ya kwanza, ya Peten, ilianza kwa neno "when". Ya pili ilianza kwa neno "if". Katika vijikaratasi vyangu zote mbili zilianza kwa -ki-.

Sasa sheria yenyewe, nayo ni ya kustaajabisha. Katika mchezo huu, kadi inayosema "when", kisha ikakupa hiari kwa maneno "unaweza", hukupa nafasi moja tu: lile tukio lililotajwa sharti liwe ndilo la mwisho kutokea. Peten akiuawa vitani akaenda kaburini, hakuna kilichotokea baada ya hapo. Mlango u wazi, unaweza kumwita nduguye. Lakini akitolewa mhanga, yeye huenda kaburini kwanza, kisha zimwi kubwa huja. Tukio la mwisho ni kuja kwa zimwi kubwa, wala si kufa kwa Peten. Mlango ulifunguka na kufungwa kabla hujapata zamu ya kusema. Wachezaji husema kadi hiyo imepitwa na wakati. Kadi inayosema "if" haina mkosi huo. Yenyewe huuliza kama jambo limetokea, wala haiulizi ni muda gani umepita. Mambo mengine yakiisha, nayo hupata zamu yake.

Na kadi isiyotoa hiari kabisa haipitwi kamwe. Ile iitwayo Sangan, kwa mfano, haikuulizi kama unapenda. Ikitoka uwanjani kwenda kaburini, ni lazima utafute katika bunda zimwi lenye nguvu isiyozidi 1500 na kulitia mkononi, hata kama Sangan yenyewe ilitolewa mhanga. Nililitafakari hilo kwa muda. Kwa sheria hii hiari hupotea kwa kuchelewa, ilhali wajibu hukungoja.

Kwa hiyo kijana alikuwa amedhulumiwa usiku ule, na aliyemdhulumu si ujanja wangu wa mchezo, maana sina. Ni kiambishi. Nilimwomba radhi. Akanisamehe haraka, kama wafanyavyo watoto, kisha akauliza swali lililonikalia kichwani: "Mjomba, kwa Kiswahili mnajuaje?"

Tunajuaje? Nilimpa mifano miwili. Mtu akisema, "Mvua ikinyesha, tutapanda," hajui kama mvua itanyesha. Mtu akisema, "Jua likizama, tutafuturu," hana shaka hata chembe kwamba jua litazama. Kiambishi ni kilekile. Katika sentensi ya kwanza ni sharti, katika ya pili ni wakati. Msikilizaji hutofautisha kwa kuijua mvua na kulijua jua, sarufi haimsaidii. Na bado -ki- ina sura ya tatu: "Nilimkuta akilia," ambapo hakuna sharti lolote, ila matendo mawili yamekutana njiani. Silabi moja imebeba mambo matatu, na sisi tuliozaliwa nayo hatuhisi uzito wake.

"Basi hii ya Peten ni ya jua," kijana alisema, "na ile nyingine ni ya mvua." Nikamwambia ndiyo, amepata. Tangu siku hiyo, tulipotafsiri kadi mpya, aliuliza kwanza: ni ya mvua au ya jua?

Tukatafuta dawa. Kwa "when" tulichagua -po-: inapopelekwa kaburini. Silabi hii ina asili ya mahali. Ndiyo iliyomo katika hapo na papo, na Mswahili anaposema papo hapo huwa ameufunga wakati mahali pamoja, kama mbuzi kwenye kigingi. Hata hivyo -po- nayo si sindano. "Anapokuja hunisalimu" ni mazoea, si nukta moja ya wakati. Ndiyo sababu tuliongeza maneno mawili mbele yake: "Mara tu kadi hii inapopelekwa kaburini." Kwa "if" tulichagua iwapo.

Hapo ndipo kalamu iliponisimama. Iwapo, endapo: haya ndiyo maneno yetu ya sharti, ya kisheria kabisa, tunayoyatumia katika mikataba na wasia. Yote mawili yamebeba -po- mkiani. Na tukikanusha -ki-, tunapata nini? Nikija, nisipokuja. Ile -po- iliyokuwa haionekani katika kukubali hujitokeza katika kukana. Nikaona kwamba katika lugha yetu sharti na wakati hawajawahi kuachana. Ni ndugu waliojenga ua mmoja, na kila mmoja huingia kwa mwenziwe bila kubisha hodi. Kiingereza cha kadi kimewajengea ukuta katikati. Ukuta huo haupo katika Kiingereza cha kila siku, maana hata Waingereza huchanganya. Umejengwa na watunga sheria wa mchezo kwa makusudi, kwa sababu bila huo watu wasingelala.

Makusudi hayo yana historia. Kadi za miaka ya mwanzo ziliandikwa kwa lugha iliyolegea, na mizozo haikwisha. Mwaka 2011 Konami ilianzisha utaratibu mpya wa kuandika kadi za Kiingereza, ambao hata alama za uakifishi zilipewa kazi ya kisheria. Kabla ya nukta pacha ni lini au kwa sharti gani unaweza kuitumia kadi. Kabla ya nukta mkato ni yale unayoyafanya unapoitangaza, kama vile kulipa gharama au kuchagua shabaha. Baada ya nukta mkato ni tendo lenyewe. Mpinzani akilibatilisha tendo, gharama uliyolipa hairudi, kwa kuwa ilikuwa upande wa pili wa alama. Rudini, wasomaji, mkaitazame sentensi yangu ya Peten hapo juu. Nilikuwa nimekihamisha kitendo cha kumtoa Peten mchezoni bila kosa, maana nilinakili alama zake nisijue ninachonakili.

Viunganishi navyo vimegawiwa kazi. Kadi ikisema fanya hili, "kisha" fanya lile, matendo ni mawili, moja nyuma ya jingine, na la pili halifanyiki bila la kwanza. Ikisema fanya hili, "na ukilifanya" fanya lile, la pili bado linalitegemea la kwanza, ila kwa hesabu ya sheria yametokea kwa pamoja. Ikisema "pia", yanatokea pamoja na hakuna linalomtegemea mwenzake. Matokeo yake ni makubwa: neno "kisha" husogeza tukio la kwanza nyuma ya la pili, na kadi yoyote ya namna ya Peten iliyokuwa ikilingoja tukio hilo la kwanza hupitwa na wakati.

Mswahili anayesikia haya atatabasamu, maana sisi tunayo -ka-. Akaja, akaketi, akala: hakuna aliye na shaka juu ya nani alitangulia nani. Tuna silabi inayofanya kazi ya "kisha" ndani ya tumbo la kitenzi, na watoto wetu huimiliki kabla ya kuanza shule. Nilijivuna kidogo mbele ya mpwa wangu kwa ajili ya -ka-. Nilihitaji kujivuna kidogo.

Sasa nije kwa washairi wenzangu, maana ndipo jambo hili liliponiuma. Silabi hizi, -ki-, -ka- na -po-, kila moja ni mizani moja. Akifika ni mizani nne, akafika ni mizani nne, alipofika ni mizani tano. Mtu aliyebanwa na kipande cha mizani nane anajua vishawishi vya mizani moja. Marehemu baba yangu alikuwa baharia. Alirudi nyumbani mara ya mwisho, akafariki mwezi uliofuata. Katika shairi nililomtungia nilitaka kusema aliporudi safarini, nikahesabu tisa, nikaandika "Akirudi safarini", nikapata nane zangu, nikaendelea.

Nilipolisoma hadharani, bibi mmoja mzee aliniita pembeni baada ya hadhira kutawanyika. "Mwanangu," alisema, "huyo baba alirudi siku moja, au alikuwa na ada ya kurudi, au mngali mnamngoja?" Nilimjibu kwa kiburi kwamba ni idhini ya mshairi. Alicheka kwa upole, hakuongeza neno. Nilimsahau kwa miaka, mpaka mtoto wa miaka 12 aliponiwekea kadi mbili mbele yangu. Inkisari huturuhusu kulifupisha neno. Tabdila huturuhusu kuligeuza. Sijui idhini inayoturuhusu kumrudisha mtu mara nyingi wakati alirudi mara moja, wala kumfanya maiti awe mtu anayengojwa.

Chini kabisa ya lile kopo palikuwa na kadi chache za mchezo mwingine, Magic: The Gathering, uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993. Kijana hakuzicheza sana, lakini moja ilimpendeza kwa hila yake. Katika mchezo huo neno "when" halipitwi na wakati. Hungoja zamu yake kwa utulivu. Neno moja, meza mbili, sheria mbili. Kadi hiyo, Oblivion Ring, ilitoka mwaka 2007, na maandishi yake yalikuwa sentensi mbili. Ya kwanza: pete inapoingia uwanjani, kipeleke uhamishoni kitu kimoja kingine. Ya pili: pete inapoondoka uwanjani, kirudishe kilichohamishwa. Ni haki tupu, utafikiri. Lakini mchezaji mjanja aliiondoa pete yake mwenyewe kabla sentensi ya kwanza haijatimia. Ya pili ikaingia juu ya ya kwanza na kutimia mapema. Ikatafuta cha kurudisha, isione kitu. Ndipo ya kwanza ikatimia, kitu kikaenda uhamishoni, na sasa hapakuwa na sentensi yoyote iliyobaki ya kukirudisha. Kilikaa huko milele.

Baadaye kadi za kazi hiyo ziliandikwa kwa sentensi moja: kipeleke uhamishoni mpaka kadi hii itakapoondoka uwanjani. Kuondoka na kurudi vimefungwa kwa neno "mpaka", na hila imekufa. Tukaitafsiri pamoja. Kijana alikitazama kijikaratasi, akasema taratibu kwamba sentensi mbili ni hatari. Sikumuuliza alikuwa akiwaza nini.

Nililijua siku mbili baadaye. Mpango ulikuwa dada yangu aje mwenyewe kumchukua mwishoni mwa Agosti. Simu ilikuwa imelia asubuhi, na kijana akaniletea nisome ujumbe wa mama yake, ingawa kufikia hapo aliweza kuusoma peke yake. Ulisema: "Mwanangu, nikipata likizo nitakuja kukuchukua."

Alisimama mbele yangu na simu. "Mjomba, hii -ki- ya mama ni ya mvua au ya jua?"

Ningeweza kumjibu kwamba ni ya jua. Ndivyo watu wazima tufanyavyo, na lugha ingenisitiri, maana hakuna mtu angeweza kunionyesha silabi niliyoidanganya. Nilimwambia sijui, nitamuuliza mwenyewe.

Usiku nilimpigia. Dada ni muuguzi. Zamu zao hupangwa na wengine, na likizo huombwa kisha hungojwa. Nilimweleza swali la mwanawe. Alinyamaza kwa muda mrefu, nikasikia mlango ukifungwa nyuma yake. "Ni ya mvua, kaka," alisema. "Nilidhani hatatambua tofauti. Nilitaka aendelee kufurahi huko mpaka nijue." Sikumlaumu. Ni mara ngapi mimi nimejificha nyuma ya -ki-? Nikimaliza kazi hii nitakuja kukuona. Nikipata nafasi nitakuandikia. Tunazitoa ahadi hizo kila siku, nasi tunazitoa katika umbo ambalo halitatushitaki.

Nilimwambia tu kwamba mtoto amejifunza Kiswahili, kama alivyotaka, na sasa lazima aongeleshwe kama mtu anayekijua.

Ujumbe wa pili ulikuja kesho yake, nao niliunakili kwa idhini ya wote wawili: "Mwanangu, sijui kama nitapata likizo. Iwapo nitapata, nitakuja. Nisipopata, utarudi na jamaa uliokwenda nao. Lakini utakapotoka nje ya uwanja wa ndege, utanikuta nimesimama mlangoni."

Aliusoma akifuatisha kidole. Katika iwapo alitikisa kichwa kukubali. Katika nisipopata alisita. Alipofika katika utakapotoka alilikata neno vipande kwa sauti, u-ta-ka-po-to-ka, akarudi kwenye silabi aliyokuwa akiitafuta. "Po," alisema. Akairudisha simu mezani, akaanza kuchanga karata.

Likizo haikupatikana. Mvua haikunyesha, kwa lugha yetu ya nyumbani. Nilimsindikiza mpaka Dar es Salaam, na muda wote wa safari ya basi hakuonekana mtu aliyeahidiwa jambo akanyimwa. Aliahidiwa mambo mawili, moja kwa shaka na moja kwa hakika, na alijua lipi ni lipi.

Niliporudi Tanga niliitoa ile karatasi ya shairi la baba. Ilinichukua jioni nzima kupata kipande kimoja cha mizani nane: "Siku alipowasili". Hesabuni. Nafasi ilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni jioni moja ya kuitafuta. Yule bibi aliyeniuliza hayupo tena duniani, kwa hiyo nimemjibu hapa.

Usiku wa manane simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa kijana, wa kwanza kuniandikia kwa Kiswahili bila kuombwa: "Shikamoo mjomba. Nilipotoka, mama alikuwepo."